Flashi ya Kusakinishia Inapokataa: Tafuta Chanzo Pale Inapokwama

Flashi ya kusakinishia mfumo endeshi ikikataa kufanya kazi, wengi wetu huifomati na kuiandika upya. Ikikataa tena tunabadilisha programu ya kuandikia, na ikikataa mara ya tatu tunaanza kuilaumu kompyuta. Saa tatu hupita namna hiyo na bado hakuna anayejua tatizo lilikuwa wapi. Kazi hii ninaifanya karibu kila wiki, nyingi zikiwa kompyuta mpakato zilizokwisha kutumika huko Ulaya kabla ya kuletwa kuuzwa kwetu, na nimeona kwamba swali linalookoa muda si "nitumie programu gani?" bali ni "imekwama wapi?"

Kuna mlolongo ambao hauruki hatua. Faili la ISO ulilopakua, yaani faili moja lililobeba kisakinishi chote, lazima liwe zima. Liandikwe kwenye flashi kwa namna inayolifaa, na flashi yenyewe iwe inahifadhi kweli kile kilichoandikwa. Kisha programu dhibiti iliyomo kwenye ubao mama, iwe BIOS ya zamani au UEFI ya sasa, iione flashi na ikubali kuikabidhi kazi. Baada ya hapo kianzishi, yaani ile programu ndogo ya kwanza kabisa iliyomo ndani ya flashi, kiipakie kerneli, yaani kiini cha mfumo endeshi. Kerneli nayo iamshe kisakinishi. Na kisakinishi kiione diski ya kompyuta. Kila hatua ina dalili zake, na ukishajua skrini iliganda kwenye hatua ipi, zile zilizotangulia unaweza kuziacha kando, isipokuwa mbili ambazo huwa zinadanganya: uzima wa faili na uzima wa flashi. Hizo ndizo ninazoanza nazo daima.

Hakikisha faili kabla ya kushuku kitu kingine

Faili la ISO linaweza kuharibika bila kuonyesha dalili yoyote kwa nje. Upakuaji uliokatika bando likiisha kisha ukaendelezwa, au nakala iliyopita mikononi mwa watu wanne kutoka flashi hadi flashi, inaweza kuwa na ukubwa ule ule unaotarajiwa na bado ikawa na sehemu mbovu katikati. Kuangalia ukubwa pekee hakutoshi. Kinachotosha ni namba ya uhakiki ya SHA-256, ambayo ni mfuatano wa herufi na tarakimu 64 unaokokotolewa kutokana na faili zima, kiasi kwamba biti moja ikibadilika mfuatano wote unakuwa mwingine.

Kwenye Windows fungua dirisha la amri na uandike:

certutil -hashfile C:\Users\Juma\Downloads\ubuntu.iso SHA256

Kwenye Linux amri ni sha256sum ikifuatiwa na jina la faili. Kompyuta itafikiri kwa dakika moja au zaidi, kwa sababu inasoma faili lote, kisha italeta mstari mmoja mrefu. Mstari huo unaulinganisha na ule uliochapishwa na waliotengeneza mfumo kwenye tovuti yao rasmi. Ubuntu na Debian, ambazo ni aina mbili za Linux, kwa mfano, huweka faili liitwalo SHA256SUMS pale pale penye ISO. Usiridhike kwa kuona tarakimu nne za mwanzo zinafanana. Nakili mstari wa tovuti, ufungue ukurasa wa maandishi, ubandike mistari yote miwili, mmoja chini ya mwingine, na utofauti ukiwepo jicho litauona mara moja kwa sababu herufi hazitapangana.

Zikitofautiana, acha kila kitu na upakue upya, ikiwezekana kwa njia ya torenti, ambayo hukagua kila kipande kinapofika na kukipakua tena kikiwa kibovu. Kwa mtu mwenye intaneti ya kusuasua hii ndiyo njia ninayoipendekeza kuliko zote. Na kama bando ni dogo kweli, faili la netinst la Debian halifiki GB 1, ingawa vifurushi vingine vitahitaji intaneti wakati wa kusakinisha.

Kompyuta haiioni flashi kabisa

Hapa dalili ni kwamba kompyuta inawaka na kuingia moja kwa moja kwenye mfumo wa zamani, au umeita menyu ya kuanzishia na flashi haimo kwenye orodha. Chanzo cha kwanza mara nyingi ni kitufe tu. Kwenye Dell na kompyuta nyingi za Lenovo ni F12. Kwenye HP unabonyeza Esc kisha F9. Kwenye Asus mpakato ni Esc na kwenye ubao mama wa Asus wa kompyuta ya mezani ni F8. Acer hutumia F12 pia, lakini kwenye modeli nyingi kitufe hicho hakifanyi kazi mpaka uingie kwanza kwenye mipangilio kwa F2 na kuwasha kipengele kiitwacho F12 Boot Menu. Mac zenye chipu za Intel hutaka ushikilie Option tangu inapowaka. Anza kubonyeza mapema, kwa kurudiarudia, kabla hata nembo haijatokea.

Chanzo cha pili hakishukiwi na wengi. Windows 10 na 11 zikizimwa kwa kawaida hazizimiki kikamilifu, kwani kipengele cha Fast Startup huhifadhi sehemu ya mfumo kwenye diski ili uwashaji unaofuata uwe wa haraka, na kwenye baadhi ya kompyuta uwashaji huo hupita kasi hivi kwamba kibodi na flashi hazipati nafasi ya kutambuliwa. Shikilia Shift unapobofya Restart, kisha kwenye skrini ya bluu inayotokea uchague Use a device. Njia hii inaiomba kompyuta yenyewe ianze kutoka kwenye flashi, na huhitaji kukimbizana na vitufe. Ndani ya mipangilio ya UEFI pia kuna kipengele kinachofanana nacho kwa jina, Fast Boot, ambacho kikiwashwa huruka ukaguzi wa vifaa vya USB. Kizime.

Ikiwa bado haionekani, badilisha tundu. Kwenye kompyuta ya mezani tumia tundu la nyuma lililounganishwa moja kwa moja na ubao mama, si la mbele linalopitia waya, wala usipitishe flashi kwenye kigawanyio cha USB. Kwa kompyuta za miaka ya 2010 hadi 2014 hivi, tundu jeusi la USB 2.0 mara nyingi hutambuliwa na programu dhibiti pale ambapo tundu la bluu la USB 3.0 halitambuliwi.

Baada ya hapo ndipo tunapoingia kwenye chanzo chenye uzito zaidi, nacho ni kutolingana kwa flashi na programu dhibiti. BIOS ya zamani husoma sekta ya kwanza ya flashi, baiti 512 tu, na kuitekeleza ikiwa inaishia kwa alama 55 AA. UEFI haijali sekta hiyo. Yenyewe hutafuta patisheni (kipande kilichotengwa cha flashi) yenye mfumo wa faili wa FAT, na ndani yake hutafuta faili kwenye njia \EFI\BOOT\BOOTX64.EFI. Flashi iliyoandikwa kwa ajili ya mmoja inaweza isionekane kabisa na mwingine. Kwenye Rufus, programu ya Windows ya kuandikia flashi, uamuzi huu unafanyika katika kisanduku cha Partition scheme: GPT ni kwa ajili ya UEFI, na MBR ni kwa ajili ya BIOS au UEFI inayojifanya BIOS. Kompyuta iliyotengenezwa miaka kumi iliyopita au chini ya hapo karibu hakika ina UEFI, hivyo chagua GPT. Ikiwa hujui, fungua msinfo32 kwenye Windows iliyopo na usome mstari wa BIOS Mode; ukisema UEFI chagua GPT, na ukisema Legacy chagua MBR.

Unaweza kuhakikisha upande wa flashi pia. Ichomeke kwenye kompyuta nyingine, ifungue, na uangalie kama folda ya EFI ipo, ndani yake kuna BOOT, na ndani ya BOOT kuna bootx64.efi. Isipokuwepo, UEFI ya biti 64 haina cha kuanzisha. Kuna vikompyuta vidogo vya bei nafuu vyenye chipu za Atom za mwaka 2013 hadi 2015 hivi ambavyo chipu yao ni ya biti 64 lakini UEFI yao ni ya biti 32. Hivyo hutafuta bootia32.efi, na ISO nyingi za Linux hazina faili hilo. Mtu anaweza kuhangaika na kifaa kama hicho siku nzima. Debian ina faili hilo, na ndiyo ninayoitumia kwa vifaa vya namna hiyo.

Inaonekana, lakini ukiichagua hakuna kinachofuata

Umeichagua flashi, skrini ikawa nyeusi, kistari kikawa kinapepesa juu kushoto. Au umerudishwa kwenye menyu. Au umeambiwa "Missing operating system" au "No bootable device". Programu dhibiti imeiona flashi, ila imekosa cha kutekeleza. Kosa karibu daima liko kwenye namna ya kuandika.

La kwanza ni kunakili faili la ISO lenyewe na kulibandika ndani ya flashi kama mtu anavyobandika muziki. Hilo halitoshi, isipokuwa flashi iwe imeandaliwa kwa Ventoy, ambayo kazi yake ni hiyo hasa: unaisakinisha mara moja, kisha unabandika mafaili ya ISO kadiri nafasi inavyoruhusu na kuchagua unalotaka kompyuta inapowaka.

La pili ni kutumia njia ya Linux kwa Windows. ISO nyingi za Linux zimetengenezwa zikiwa mseto, yaani zinaweza kumwagwa baiti kwa baiti kwenye flashi kama zilivyo na zikawaka. Ndiyo maana amri ya dd na programu ya balenaEtcher huzifaa. ISO za Windows si mseto. Ukizimwaga hivyo, uandishi utakamilika bila kosa lolote na flashi haitawaka kamwe. Etcher yenyewe hutoa onyo inapotambua ISO ya Windows, lakini wengi hubofya kuendelea. Kwa Windows tumia Rufus au Media Creation Tool ya Microsoft.

La tatu linawapata wanaotumia dd. Andika kwenye kifaa kizima, mfano /dev/sdb, si kwenye patisheni yake, mfano /dev/sdb1. Tarakimu hiyo moja ya mwisho inaiweka sekta ya kuanzishia mahali ambapo hakuna atakayeitafuta. Amri kamili ninayoitumia ni hii:

sudo dd if=debian.iso of=/dev/sdb bs=4M status=progress conv=fsync

Kabla ya kuibonyeza Enter, andika lsblk na usome ukubwa wa kila kifaa, ukijiuliza kwa sauti kama sdb ndiyo flashi kweli. dd haiulizi mara mbili, na diski yenye picha za familia itafutika sawasawa na flashi tupu. Sehemu ya conv=fsync ina maana yake: bila hiyo amri inaweza kusema imemaliza wakati data bado iko kwenye kumbukumbu ikisubiri kuandikwa, na ukichomoa flashi wakati huo umechomoa kazi iliyofika nusu. Kwa sababu hiyo hiyo, umeme ukikatika katikati ya kuandika, usijaribu kuona kama "labda ilishafika". Andika upya kuanzia mwanzo.

La nne ni la Windows peke yake na lina hesabu ndani yake. Mfumo wa faili wa FAT32, ambao UEFI inausoma bila shida, haupokei faili moja lenye GB 4 au zaidi. ISO za Windows 11 zina faili liitwalo install.wim kwenye folda ya sources ambalo kwa kawaida linavuka kiwango hicho. Mtu anayenakili mafaili kwa mkono atapata kosa la kwamba faili ni kubwa mno, au mbaya zaidi atatumia programu isiyomwambia chochote, na kisakinishi kitaanza vizuri kisha kife kikitafuta faili ambalo halikufika. Rufus huvuka kikwazo hiki kwa kutumia NTFS, mfumo wa faili usio na kikomo hicho, pamoja na patisheni ndogo ya pili inayoifundisha UEFI kusoma NTFS. Media Creation Tool hutumia install.esd, ambayo imeshindiliwa zaidi na hutosha. Anayetaka kufanya kwa mkono anaweza kuligawa faili, flashi ikiwa E na ISO ikiwa imefunguliwa kama D:

Dism /Split-Image /ImageFile:D:\sources\install.wim /SWMFile:E:\sources\install.swm /FileSize:3800

Kisakinishi cha Windows kinavitambua vipande vya swm chenyewe.

Kwa upande wa Linux, ukikutana na "Failed to load ldlinux.c32" au ujumbe unaolitaja isolinux, rudi kwenye Rufus, andika upya, na inapokuuliza kati ya ISO Image mode na DD Image mode chagua ya pili.

Ujumbe wa usalama

Maneno "Security Violation", "Security Policy Violation" au "Secure Boot Violation" yana maana moja: kianzishi kimeonekana, kimesomwa, na kimekataliwa na Secure Boot, kinga ya UEFI inayoruhusu vianzishi vyenye sahihi inayoitambua tu, kwa sababu sahihi yake ya kidijitali haikubaliki. Flashi yako si mbovu.

Ventoy huleta skrini ya bluu yenye "Verification failed: (0x1A) Security Violation" mara ya kwanza inapowashwa kwenye kompyuta yenye Secure Boot. Usizime kompyuta, bonyeza OK, kisha kitufe chochote, uchague Enroll key from disk, uingie kwenye patisheni ya VTOYEFI, na uchague faili la ENROLL_THIS_KEY_IN_MOKMANAGER.cer. Kwenye kompyuta hiyo hutaulizwa tena.

Ujumbe "Verifying shim SBAT data failed" una historia yake. Agosti 2024 Microsoft ilitoa sasisho la Windows lililobatilisha matoleo ya zamani ya shim, ambayo ni kianzishi kilichotiwa sahihi ili Linux ipite kwenye Secure Boot, na flashi nyingi zilizokuwa zikifanya kazi jana yake zikakataliwa. Tiba sahihi ni kupakua toleo jipya la mfumo unaoutaka, ambalo lina shim mpya. Kuzima Secure Boot kwa muda pia kunafaa, lakini lazima niseme jambo moja kwa uzito wote: ikiwa Windows iliyomo ina data inayohitajika na diski imefungwa kwa BitLocker, kufuli la data la Windows, kubadilisha mpangilio huu kunaweza kuifanya idai ufunguo wa dharura wenye tarakimu 48 itakapowaka tena. Kompyuta nyingi mpya hufungwa hivyo bila mwenyewe kujua. Ingia kwanza kwenye akaunti ya Microsoft ya mwenye kompyuta, utafute ufunguo huo, uuandike karatasini, ndipo uguse Secure Boot. Nimewahi kumwona mtu akipoteza maandishi ya tasnifu yake yote kwa kuruka hatua hii.

Inaanza vizuri, kisha inafia njiani

Hapa ndipo panapochosha zaidi, kwa sababu dalili hubadilika. Mara moja inaganda kwenye asilimia 37, mara nyingine kwenye 60. Linux inatapika mistari ya "SQUASHFS error". Windows inasema haiwezi kusoma mafaili yanayohitajika, au inadai "A media driver your computer needs is missing" na mtu anaanza kutafuta draiva ambayo kwa kweli haihitajiki. Kukwama mahali tofauti kila mara ni ishara ya kifaa kisichoaminika: flashi, tundu, au kumbukumbu ya RAM.

Niliwahi kununua kwenye duka moja flashi tatu zilizoandikwa GB 64, kwa bei iliyonifurahisha. Windows ilizionyesha zote kuwa na GB 64. Niliandika Linux Mint kwenye mojawapo, ikawaka, ikafika kwenye skrini yake kuu, na kisakinishi kikaganda katikati. Nikaandika upya, kikaganda tena. Namba ya uhakiki ya ISO ilikuwa sawa herufi kwa herufi, kwa hiyo nikaigeukia flashi yenyewe. Kwenye Linux kuna programu iitwayo F3. Sehemu yake ya kwanza, f3write, hujaza flashi yote kwa mafaili ya GB 1 kila moja yenye maudhui yanayojulikana, na sehemu ya pili, f3read, huyasoma na kuhesabu yaliyorudi yakiwa mazima. Niliiacha usiku kucha. Asubuhi jedwali lilionyesha faili la mwanzo likiwa na sifuri kwenye safu ya yaliyoharibika, la pili likiwa limeharibika sehemu, na kuanzia la tatu hakukuwa na baiti hata moja iliyorudi kama ilivyokwenda. Ilikuwa flashi isiyofika GB 2 iliyofundishwa kusema uongo kuhusu ukubwa wake: kila kinachoandikwa kuvuka hapo kilikuwa kikipotea bila kosa kuripotiwa. Kwenye Windows kazi hiyo hufanywa na H2testw, na Rufus ina kisanduku cha Check device for bad blocks kinachogundua udanganyifu huo pia. Tangu siku ile flashi mpya haiingii kwenye mkoba wangu wa kazi kabla ya kupita kipimo hiki, hata kama imefungwa kwenye pakiti nzuri.

Flashi ikifaulu, jaribu tundu lingine. Likikataa pia, ijaribu flashi hiyo hiyo kwenye kompyuta ya pili. Ikifanya kazi huko bila tatizo, shuku RAM ya kompyuta ya kwanza na uendeshe memtest86+, ambayo mara nyingi iko tayari kwenye menyu ya ISO za Linux. Ubuntu nayo hukagua mafaili yake inapowaka. Usiukatishe ukaguzi huo kwa Ctrl+C kwa haraka ya kufika mbele, kwani unaweza kukupa jibu ulilokuwa ukilitafuta.

Skrini kuwa nyeusi mara tu baada ya menyu ya Linux, huku feni ikizunguka na taa ya kibodi ikiitika Caps Lock, ni tatizo tofauti. Hapo kerneli iko hai na ni draiva ya kadi ya picha iliyoshindwa, hasa kwenye kadi za Nvidia. Kwenye menyu bonyeza herufi e, utafute mstari unaoanza na linux, uongeze neno nomodeset mwishoni mwake, kisha ubonyeze F10. ISO nyingi zina chaguo la Safe graphics au la compatibility mode linalofanya hivyo hivyo.

Na ukisoma "This kernel requires an x86-64 CPU", usihangaike na flashi. Kompyuta hiyo ni ya biti 32, na mfumo uliochagua si wake. Vivyo hivyo Mac zenye chipu za Apple, zilizoanza kutoka mwishoni mwa mwaka 2020, hazitaanzisha ISO ya Intel kwa namna yoyote.

Kisakinishi kimefunguka, lakini diski haipo

"We couldn't find any drives" inawatisha watu kwa sababu inaonekana kana kwamba diski imekufa. Kabla ya kuihukumu, ingia kwenye UEFI uangalie kama inaorodheshwa. Ikiwa ipo huko na kisakinishi hakiioni, na kompyuta ina chipu ya Intel ya kizazi cha 11 au zaidi, chanzo kinachowezekana zaidi ni VMD, utaratibu wa Intel unaoificha diski nyuma ya kidhibiti ambacho kisakinishi hakina draiva yake. Pakua draiva ya Intel RST kutoka tovuti ya mtengenezaji wa kompyuta hiyo, uifungue mpaka upate mafaili yenye kiambishi .inf, uyaweke kwenye folda ndani ya flashi, kisha kwenye kisakinishi ubofye Load driver na uielekeze huko. Faili la .exe halitasaidia likiwa halijafunguliwa, na hilo ndilo kosa ninaloliona mara nyingi zaidi katika hatua hii. Kwenye Linux, au pale unapofuta kila kitu, ni rahisi zaidi kuingia kwenye mipangilio ya UEFI na kuzima VMD, au kubadilisha namna ya kuendesha diski kutoka RST kuwa AHCI. Usifanye hivyo kama unataka Windows iliyopo iendelee kuwaka, maana itakosa njia ya kufikia diski yake.

Ikiwa diski inaonekana lakini Windows inakataa kusakinisha humo kwa kuitaja GPT au MBR, tambua kwamba umeanzisha flashi kwa namna isiyolingana na diski. Mara nyingi menyu ya kuanzishia ina flashi hiyo hiyo mara mbili, moja ikiwa na neno UEFI mbele na nyingine haina. Rudi uchague ile nyingine kabla ya kufuta patisheni yoyote.

Kuhusu "This PC can't run Windows 11", flashi imefanya kazi yake. Ni kompyuta isiyokidhi masharti, ambayo ni pamoja na TPM 2.0 (kijenzi cha kuhifadhi funguo za usalama), RAM ya GB 4 na nafasi ya GB 64. TPM mara nyingi ipo na imezimwa tu, ikijulikana kama PTT kwenye Intel na fTPM kwenye AMD. Isipokuwepo kabisa, Rufus hutoa chaguo la kuruka masharti hayo, lakini Microsoft haiahidi masasisho kwa kompyuta za aina hiyo. Kwa kuwa msaada wa kawaida wa Windows 10 ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025, kwa kompyuta za zamani zinazotumika shuleni na ofisini mimi huweka Linux Mint na kukaa na watumiaji nusu siku kuwaonyesha mahali pa kila kitu.

Baada ya kusakinisha

Kompyuta ikimaliza, ikajizima na kuwaka, kisha ukajikuta tena kwenye ukurasa wa kwanza wa kisakinishi, usianze upya. Chomoa flashi na uiwashe tena. Ilikuwa bado mbele kwenye foleni ya kuanzishia. Iwapo baada ya kuchomoa hakuna mfumo unaopatikana, na saa ya kompyuta inarudi nyuma miaka kila unapoichomoa kwenye umeme, betri ndogo ya duara ya CR2032 kwenye ubao mama imekwisha na mipangilio yako inapotea pamoja nayo. Kwenye kompyuta zilizotumika jambo hili ni la kawaida sana, na betri yenyewe ni ya bei ndogo.

Flashi nayo itaonekana na Windows kuwa na MB chache tu, au itadai kufomatiwa kila unapoichomeka. Haijaharibika. Windows inaona patisheni moja ndogo kati ya zile zilizoandikwa na Linux. Kwenye dirisha la amri la Windows fungua diskpart, andika list disk, uitambue flashi kwa ukubwa wake, kisha select disk ikifuatiwa na namba yake, halafu clean, create partition primary, format fs=exfat quick, na assign. Tahadhari ni ile ile ya dd: baada ya select disk, andika list disk mara nyingine na uone nyota iko mbele ya namba ipi, kabla hujaiandika clean.